Matawi Yaliyofuata Miraba

Jumanne, Iyunga. Ukungu umekaa dirishani tangu asubuhi, na mimi nimekaa na hasira zangu.

Niseme wazi: nusu ya hasira hizi najikasirikia mwenyewe.

Kwa miaka miwili naigiza kwenye kompyuta jinsi alumini iliyoyeyuka inavyoganda. Ukingo wa sehemu iliyoganda huanza ukiwa laini. Kisha kinundu kidogo kinatangulia, kinafika penye ubaridi zaidi, kinakimbia, kinatoa matawi. Yangu yalitoka manne, yamenyooka kama msalaba. Wiki iliyopita, kwenye semina kule Iringa, watu waliyapigia makofi.

Hakuna aliyeuliza kwa nini yamenyooka hivyo.

Mimi nilijua. Kompyuta inaigawa alumini yangu katika miraba midogo, kama daftari la hesabu. Siku moja kabla ya semina niliigeuza ile punje ya kwanza, pale alumini inapoanzia kuganda, ikae mshazari, nikaendesha hesabu upya. Matawi yalipaswa kugeuka nayo. Hayakugeuka, yalifuata miraba. Msalaba ule haukutoka kwenye alumini. Na bado nilisimama mbele za watu nikatabasamu.

Leo nimemweleza msimamizi wangu wa tasnifu. Nilitegemea ashtuke. Ametazama picha zote mbili, ya semina na ya punje iliyogeuzwa, akaifunga laptop yangu kwa mkono wake, taratibu.

"Mwanangu, hiyo picha usiiguse. Wasilisha tasnifu Ijumaa, umalize na wenzako."

Kumbe alijua! Miaka miwili ananifundisha nisiiamini kompyuta kabla sijaipima. Siku nimeipima, ananiambia ninyamaze. Imeniuma sana.

Kurekebisha kutanichukua miezi, na mahafali ya mwaka huu yatanipita. Nikampigia mama, yuko Ilula kwenye meza yake ya nyanya, kando ya barabara ya mabasi. Sare za mahafali zimeshashonwa, kitenge kimoja ukoo mzima, hadi bibi. Nikamwambia picha waliyoipigia makofi ni ya uongo. Nikamsikia akimfungia abiria nyanya.

"Wao wameliona kosa?"

"Hawajaliona."

"Wewe je?"

"Nimeliona, mama."

"Sasa unaniuliza nini?"

Nimekaa nikamwandikia msimamizi mistari miwili: picha si sahihi, Ijumaa siwasilishi. Nimeituma haraka, kabla woga haujanifikia.