Chumba ya Igihozo

Jumatatu, 3 Juni 2024
Imetembea! Site yetu ya internet, ya kutafutisha watu waliopotezana kwa vita — iko kwa Express, programu ya seva, na mutu alipaswa kufungua ukurasa upya kila mara — leo nimeiunganisha na Socket.IO, programu ya kupitisha mesaje bila kungoja. Mutu anaandika akiwa Rutshuru, mesaje inatokea hapa ofisini Majengo palepale. Kila familia na chumba yake ya kuzungumuzia. Achille, tunayefanya naye kazi, anasema mesaje ziwekwe kwanza akiba. Nimekataa, itachelewesha. Kichwa ngumu, ndiyo mimi.

Jumatano, 5 Juni
Mama Eugénie Nyiramahirwe ametoka tena kambi ya Kanyaruchinya kwa miguu. Saa tatu mpaka saa sita, macho kwa ekrani ya mashini. Anatafuta binti yake Igihozo, walipotezana wakikimbia vita ya Masisi. Hakuna. Ameuliza kama mashini inasikia kweli. Nikacheka! Nikamwambia inasikia mbio kuliko telefone.

Ijumaa, 7 Juni
Mungu wangu. Nimesoma kumbukumbu za seva. Jumatano, saa ine na robo: Igihozo, kutoka Vitshumbi, ameingia. Mesaje tatu. Saa ine na nusu ametoka. Watu ndani ya chumba: mumoja. Na mama yake alikuwa amekaa hapa pembeni yangu!
Vyumba nilivipa jina ya familia, vile formilere zote za kujaza zinaulizaka. Lakini kwetu kila mutoto anapewa jina lake, si la baba! Mama ni Nyiramahirwe, binti ni Igihozo — nikamufungia kila mumoja chumba yake, peke yake. Mimi Munezero, papa Habarurema, mudogo wangu Byiringiro. Na ni mimi nimesahau hiyo! Aibu.
Na maneno yake? Hayako. Hakuna akiba, hakuna namba ya telefone. Achille amenisogezea mashini tu, nitengeneze. Afazali angenitukana.

Jumamosi, 8 Juni
Nimetengeneza. Ndugu wote chumba moja, kila mesaje inawekwa akiba. Dakika makumi ine tu za kazi! Igihozo hajarudi. Mama yake sijamwambia bado.

Jumapili, 9 Juni
Mama Eugénie ametoka misa, amepita hapa. Anasema Igihozo anajua kuandika. Angekuwa muzima, angekuwa ameisha kuandika. Kesho wanaanza matanga huko kambini. Amekuja kunishukuru. Kunishukuru!
Nimemwambia: mama, ikaa kwanza, nikuletee chai. Niko naandika hii jikoni. Nitamwambia: Igihozo ni muzima, aliandika. Ataniuliza mutoto alisema nini. Chai imeisha kuiva, sukari nimetia, anaita jina langu —