Watu wa Maji wa Gumbo

Mwalimu wangu,

Hadubini yako bado ninayo. Tangu siku ile ulipovuka daraja kwenda mtaa wa Gudele, ng'ambo ya mto, kumtafuta ndugu yako, risasi zikiwa bado zinalia, imekaa chini ya kitanda changu, nimeizungushia shuka. Walioona walisema ulizikwa pamoja na wengine wengi, wala hakuna anayejua wapi. Sikuigusa. Nilikuwa nimekukasirikia kwa kwenda, nakwambia ukweli.

Juma lililopita bwawa la nyuma ya kanisa, hapa Gumbo, liligeuka jekundu. Jekundu kabisa, saa sita mchana. Wanawake waliacha ndoo zao palepale wakasema ni damu ya waliouawa, ardhi imekataa kuinywa. Wakaanza kuchota mtoni maji ya kumwagilia kudra, mboga zao za majani, kule wanajeshi waliko. Jirani yangu Mama Keji alirudi siku moja bila ndoo, bila viatu, na hataki kusema kilichotokea.

Na mimi, mwanafunzi wako, niliamini. Nilisimama pale nikawaza, labda na damu yako imo.

Ndipo nikakumbuka kile Kiswahili chako cha kambi ya wakimbizi Uganda kilichokuwa kikituchekesha: "Wewe naogopa nini? Angalia kwanza."

Niliitoa hadubini, nikaweka tone moja la bwawa kwenye kipande cha kioo, nikageuza kioo chake cha chini kuelekea jua. Mwalimu, wekundu ule ni wale viumbe wako wadogo, na walikuwa hai! Kila mmoja ni chembe hai moja tu, amesambaza mafuta mekundu mwilini kujikinga na jua. Wanajinyoosha, wanajikunja, wanaogelea kwa uzi mmoja mwembamba. Wanakula jua kama majani, na wanatembea kama wanyama. Nilisahau kupumua. Jioni jua lilipopoa wekundu ukarudi ndani yao, bwawa likawa kijani. Nililia kwa furaha.

Nikakimbia kuwaambia wanawake: si damu, ni watu wa maji. Jina lako lile, ulilotusahihisha nalo kila tulipowaita wadudu. Loo, nilikosea. Walisikia "watu" wakaelewa maiti, wawili wakatimua mbio. Ungecheka mpaka ushike mbavu.

Basi nikamwita Mama Keji aje aangalie mwenyewe. Aliinama akaweka jicho kwenye hadubini.

"Iko nacheza," akasema. "Damu hapana cheza."

Kesho yake alichota bwawani kumwagilia kudra. Kunywa nimewakataza.

Ulituambia kwamba bahari, ambayo hata wewe hukuwahi kuiona, imejaa hawa: wenye nyumba za kioo, wenye kuwaka gizani, wanaoongezeka mpaka maji yanabadilika rangi hadi upeo wa macho. Ukasema sehemu kubwa ya hewa tunayovuta inatoka kwao. Nilidhani unatia chumvi. Nisamehe.

Sina kaburi lako la kufagia. Lakini hadubini hairudi tena chini ya kitanda, nakuahidi. Itakaa dirishani, penye jua, na yeyote anayeogopa maji ataangalia.

Pumzika, Mwalimu. Bwawani wewe humo. Nimeangalia.