Mhuri wa Kaka, Mkono Wangu

Jumatatu, 3 Machi
Leo nimesaini mkataba wa televisheni. Mimi! Niliyeishia kidato cha pili! Kaka kaenda kupiga picha za harusi, nimeachiwa ofisi: chumba kimoja, kompyuta mbili, feni inayolia kama kichanga. Akaingia jamaa wa kituo cha televisheni. Anauliza mwenye ile filamu yetu mpya yuko wapi. Nikajinyoosha, nikamwambia unaongea naye. Si uongo sana, nusu ya filamu ile ni sura yangu hii hii. Kurasa kumi na moja. Nilisoma ya kwanza, nyingine nikazipapasa kama mtu anayechagua kitambaa. Nikaandika jina la kaka, nikatoa mhuri kwenye droo, nikagonga kila ukurasa — pa! pa! pa! Nikamwekea na filamu kwenye diski yake. Kaka akirudi namwambia. Atanibeba mabegani!

Alhamisi, 6 Machi
Sijamwambia. Karudi anaimba, kumbe mwezi uliopita alishasaini na Mama Makasha, yule msambazaji wa filamu. Mama huyo peke yake ndiye wa kuiuza filamu yetu: kumbi, mtandao, televisheni. Na keshatanguliza fedha, kaka keshalipa waigizaji. Nikamuuliza kimzaha, je, televisheni wakija wenyewe? Akacheka. Dogo, kuuza kitu kimoja mara mbili ni wizi, watu wanafungwa.
Nikacheka na mimi. Kicheko kilitoka na jasho.

Jumamosi, 8 Machi
Wameionyesha! Saa tisa alasiri, wote sebuleni. Mama kapiga vigelegele. Shemeji akasema mbona kwenye filamu nalia kama niliyebanwa na mlango. Siku nyingine ningemjibu mpaka akome. Leo macho yangu yako kwa kaka. Kaka kasimama na rimoti mkononi. Kisha taratibu: nani kawapa hawa filamu yangu? Simu ikaita. Mama Makasha. Sauti yake niliisikia nikiwa kwenye kochi — Dairekta, umenigeuka mchana kweupe!
Nilikwenda chooni nikakaa huko hadi wakaanza kugonga.

Jumanne, 11 Machi
Barua ya wakili wa Mama Makasha imefika. Kituo nacho kimetuma nakala ya mkataba. Kaka kausoma kwa sauti. Ukurasa wa saba: wakiirudia mara mia, mrabaha hatupati hata senti. Kwa miaka tisini na tisa! Tisini na tisa, mimi nitakuwa udongo.
Kaka anasema jina lake limeghushiwa, na mhuri ni wake. Ukiacha mimi na yeye, nani mwingine ana ufunguo wa droo? Mhariri wetu. Yule aliyenifundisha kukata picha, aliyekuwa ananiita Supastaa hata nikiharibu. Kaka kamfukuza mbele yangu. Mhariri hakubishana. Alikunja waya wa hedifoni zake polepole, akaniambia mdogo wangu, kazi njema.
Nilimfungulia mlango.

Jumatano, 12 Machi
Kwa wakili wa kaka. Naandika hapa hapa kwenye benchi, kusudi nisimwangalie kaka. Kaka amesaini hati ya kiapo: hakuuza, hakumtuma mtu, anamshuku mhariri. Kamtaja kwa jina kamili. Wakili kamwonya kwamba kiapo cha uongo ni jela. Kaka kajibu, mimi siogopi ukweli.
Nilidhani tumemaliza. Kumbe iko hati ya pili, yangu. Eti nilikuwa ofisini siku ile ya mkataba, niape kwamba hakuja mtu yeyote wa televisheni. Kaka kanishika bega: saini tu dogo, katika hao wote ni wewe tu ninayekuamini.
Karani kanipa kalamu. Ndiyo hii ninayoandikia. Kaka ananiangalia. Wakili anatazama saa.
Karani anasema kijana, siyo kwenye daftari, ni huku. Mara ya pili sasa anasema, na kalamu bado iko humu daftarini.