Bunduki Niliyoiagiza Mwanza

Heru Juu, Kasulu
8 Juni 2014

Kwa mdogo wangu Bazilio,

Amani ya Bwana iwe nawe huko Songea. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kile kifua cha baridi kimekuacha. Sisi hatujambo. Maharage tumeyavuna, mihogo imeanikwa. Kitanda chako kimetandikwa, ingawa hujakilalia tangu tulipomzika mama.

Kibali cha polisi nilichokuwa nikikingoja kimetoka, nami nimenunua bunduki ya shabaha. Shemeji yako Philomena alipopata habari aliuliza kama babu mzima atalala kifudifudi nyasini, na nani atamwinua.

Nilisafiri hadi Mwanza, dukani kwa bwana mmoja aitwaye Khatibu. Kwanza alinitolea bunduki nyepesi, kitako chake cha mti uliong'arishwa, nzuri kama samani ya sebuleni. Nikamwambia kuwa mtutu ule ni mwembamba. Hupata moto upesi, na risasi ya tatu haifuati njia ya kwanza. Hiyo ni ya mwindaji, atembeaye kutwa na kupiga mara moja. Akanitolea nyingine yenye mtutu mnene, akinionya kuwa ni nzito kwa mzee. Nikamjibu kuwa bunduki ya shabaha haibebwi, hulaliwa nayo. Uzito wake ndio utulivu wake.

Sikutaka iliyochongwa upya na fundi. Nilitaka ya kiwandani, kama ilivyotoka sandukuni, kwa kuwa mafundi wa huku kwetu wanajua magobore tu. Nilivuta bolti, kile chuma cha kuingizia risasi, tena na tena, nikisikiliza kama inakwaruza. Nilijaribu kifyatulio, nikitaka kiachie ghafla kama kijiti kikavu, kisijikokote. Khatibu alishika kiuno, akasema hata binti zake hawakukaguliwa hivyo na wakwe.

Niliporidhika nikamwambia hiyo siichukui. Aniagizie ya aina hiyo hiyo, bolti ikiwa upande wa kushoto. Akautazama mkono wangu wa kulia ulioshika kalamu, akadhani nimechanganyikiwa.

Bazilio, sikumweleza, wala Philomena hajui. Daktari wa macho amesema jicho langu la kulia halitapona, na la kushoto linalifuata polepole. Shabaha siioni tena; naona weupe tu. Lakini nyasi zikiinama bado naziona, na upepo ukigeuka naujua shavuni.

Kumbuka jeshini. Bunduki zote zilikuwa na bolti kulia, nawe mwenye mkono wa kushoto ulihangaika nazo, hata mkufunzi akakuondoa kwenye kulenga, ulale kando yangu unisomee upepo. Medali iliyo ukutani ina jina langu peke yangu. Kila nikiipita naitamani sauti yako ya chini, ikiniambia niende kulia kidogo, ningoje, nipige.

Bunduki imefika, imehifadhiwa kituo cha polisi mjini Kasulu, na mkuu wa kambi ya jeshi iliyo jirani ameturuhusu kutumia uwanja wake wa shabaha. Karatasi zina jina langu. Urefu wa kitako nilimpimia Khatibu kwa mkono wa koti lako ulilolisahau chumbani.

Njoo kiangazi hiki, kabla nyasi hazijachomwa, nami ningali naziona. Safari hii ulale wewe kwenye bunduki. Mimi nitakusomea upepo.

Shemeji yako anakusalimu, anasema ugali wa muhogo unakungoja. Wabusu wanao kwa niaba yetu.

Kaka yako,
Tharsisi