Usikaze Miguu ya Ndege

Kaka Yohana,

Jana ile ndege ya kuchezea ya Bwana ilitua na miguu yake haikuvunjika. Nimeona nikuambie wewe, maana hapa ofisini hakuna ambaye angeelewa kwa nini nililia.

Tangu tukuzike hapa Mbeya, Bwana hajapata fundi mwingine wa kuitengeneza. Mafundi baiskeli wenzako wanaiogopa. Kitu cha kuchezea cha Mzungu, chenye mabawa ya karatasi, kinaruka chenyewe huku mwenyewe kasimama chini na sanduku la redio, nani atakigusa? Basi akaniita mimi. "Karani, wewe ulikuwa unamsaidia kaka yako. Itengeneze. Ikivunjika tena, rudi kwenu Ilula ukalime." Hakucheka. Na unajua mshahara wangu ndio unaomlisha Mama sasa.

Nilizinyoosha zile spoki za baiskeli ulizoitengenezea miguu, nikazifunga kwa waya chini ya tumbo la ndege. Nilikaza kwa koleo mpaka vidole vikauma. Nilitaka kitu kisichoweza kulegea. Iliposhuka uwanjani, gurudumu likagonga kichuguu kwenye nyasi, na kwa kuwa miguu haikuwa na pa kwenda, iling'oka pamoja na kipande cha tumbo. Bwana aliokota vipande, akanikabidhi. "Mara moja tu tena, karani." Nikajua hiyo ndiyo nafasi ya mwisho.

Hofu ikanipeleka kwenye kibanda chako. Bado kinanuka gundi. Kwenye msumari umening'inia mkanda wa tyubu ya baiskeli ulioukata mwenyewe, na hapo nikakusikia, kama siku ile nilipokuwa nikikusomea maelezo ya ndege kwa Kiingereza na wewe unapinda spoki: "Usikaze, karani. Unafunga mguu au mfuko wa posta? Uache urudi nyuma ukigongwa. Mpira utaurudisha."

Nilikaa kwenye kigoda chako, nikashindwa kuinuka.

Kwa sababu kule msibani, Kaka, kila aliyenishika mkono aliniambia neno moja. Jikaze. Wewe ni mwanamume, jikaze. Nikajikaza. Nikapanda basi hadi Ilula kumpelekea Mama habari ya kichomi kilichokuchukua, na alipofungua kinywa alie, nikamwambia vilevile: "Jikaze, Mama." Akafunga kinywa. Dada ananiandikia kwamba hajalia mpaka leo. Chakula anakisogeza pembeni. Anakaa jikoni, anatazama mlango.

Miguu nimeifunga kwa mpira wako. Jana iligonga chini, ikaenda nyuma, ikarudi. Bwana akasema, "Vizuri, karani," akaipakia ndege yake kwenye gari, akaondoka. Mimi nikabaki pale uwanjani nikilia, na wanawake waliokuwa wakitoka shamba wakapunguza mwendo, kisha wakapita.

Kazi bado ninayo. Nilidhani ningefurahi.

Nimeomba ruhusa, nimepewa. Nitakwenda Ilula nikae jikoni na Mama, na neno lile nililompa nitamwomba anirudishie. Nitaanza kulia mimi, ili naye aweze. Hilo nakuahidi.

Lala sasa, Kaka. Baridi ya huku ndiyo iliyokuua. Blanketi ulilofunikwa nalo mle kaburini ni langu, usilirudishe.

Mdogo wako,
Elia