Majibu Ambayo Hukupewa, Selpha Nasambu

Mwaka umetimia, Selpha, tangu asubuhi ile ya Machi 2010 ulipotuacha katika wodi ya wanawake hapa Eldoret, ukiwa na miaka thelathini na sita. Wengine huandika kwenye ukurasa huu wa gazeti kwamba Mungu alimpenda zaidi. Sisi hatutaandika hivyo. Mumeo Kabiru ameomba yaandikwe yale yaliyotokea, na binti yako Sharon amesema bila hayo jina lake lisiwekwe.

Kwanza tuseme ulivyokuwa. Ulikuwa fundi wa yunifomu pale Munyaka, na kila Januari watoto walijaa mlangoni mwako. Sketi uliiachia pindo refu kimakusudi, ili mama asinunue nyingine mtoto akirefuka. Chai ulikunywa ukiwa umesimama. Ulibishana na redio kana kwamba mtangazaji anakusikia. Watu wa kwenu Bungoma walishangaa ulipoolewa na Mkikuyu, na watu wa Kabiru wakashangaa zaidi. Ukawacheka wote.

Ubishi wako ulikuwa na faida. Novemba 2007, Jemutai, nesi wa kliniki ndogo ya karibu na kwenu, alipita akiwaambia wanawake waje wapimwe mlango wa kizazi. Walibishana dukani kwako mchana kutwa.

"Mimi siumwi popote, nikachunguzwe ya nini?" alisema mama mmoja. Mwingine akasema afadhali kutojua.

Uliweka mkasi chini. "Mkingoja mpaka muumwe mtakuwa mmechelewa. Mimi naenda kesho. Anayeogopa atanishika mkono."

Watano walikufuata. Jemutai akachukua vipimo, vikapelekwa maabara, akasema majibu yatakuwa tayari baada ya Krismasi.

Baada ya Krismasi ikaja kura, na baada ya kura ukaja moto wa kuwafukuza Wakikuyu. Mlitoka Munyaka Kabiru akiwa na cherehani mgongoni na Sharon amebeba mablanketi. Nyuma yenu nyumba ilikuwa inawaka. Mkaishia katika uwanja wa maonyesho pamoja na maelfu ya wengine, hema moja familia mbili. Hukukaa bure hata huko. Mashuka ya msaada uliyageuza kuwa nguo za watoto waliokuja na nguo ya mwilini tu. Mtu akikuuliza juu ya kile kipimo, ulisema majibu yako bila shaka yaliungua pamoja na kliniki.

Hayakuungua. Mwishoni mwa Januari Jemutai alikuja mpaka kwenye lango la uwanja. Mwanamke Mkalenjin, peke yake, siku zile. Watu walimzomea, mmoja akamrushia tope. Alipomwona Kabiru alimpa bahasha.

"Baba Sharon, mpe Mama Sharon mkononi. Chembe za mlango wake wa kizazi zimeanza kubadilika. Bado si kansa. Tunazigandisha, zinakufa, mambo yanaisha. Lakini asikae."

"Atapita wapi na barabara zimefungwa?"

"Nitakuja kumchukua mwenyewe na gari la wagonjwa. Alhamisi."

Kabiru alimwangalia. Waliochoma nyumba yake walikuwa wakiitana kwa lugha ya huyu aliyesimama mbele yake, na sasa alitaka kumtoa mke wake nje ya lango. Aliona mtego. Akasema, "Sawa, nitamwambia," akatia bahasha ndani ya koti. Alhamisi Jemutai alikuja kweli, na gari. Kabiru akamwambia umeshaenda kwa ndugu zako Bungoma. Ulikuwa hatua hamsini kutoka pale, unampima mtoto kifua umkatie gauni.

Alipanga kukuambia barabara zikifunguliwa, na zikafunguliwa. Akapanga kukuambia mkirudi Munyaka. Mei mkarudi, mkajenga chumba cha mabati pale pale palipoungua. Jemutai alikuwa amehamishiwa Kesses, hivyo hamkukutana. Kila wiki iliyopita ilimwongezea Kabiru aibu, mpaka neno likawa halisemeki tena. Siku moja umeenda sokoni, akaitia ile bahasha kwenye jiko la makaa.

Agosti ukaanza kutokwa na damu katikati ya mwezi. Daktari alikueleza bila kuzunguka. Ni kansa, bado ndogo. Kizazi kitolewe ndani ya wiki tatu, na uwezekano wa kupona ni mkubwa. Ulirudi nyumbani ukaita kikao, na kaka yako Murunga akasafiri kutoka Bungoma.

"Miaka thelathini na minne, mtoto mmoja tu, atolewe kizazi?" Murunga alisema. "Shemeji hapa atavumilia mwaka, halafu alete mwingine. Hawa madaktari wanapenda sana kisu. Kuna mzee kule Timboroa anatoa dawa ya miti, amesaidia wengi. Tumjaribu huyo, na tuombe."

"Mjomba, daktari amesema inakua," Sharon alisema. Alikuwa na miaka kumi na sita.

"Wewe nyamaza. Haya ni mambo ya watu wazima."

Hatutakupamba, Selpha. Wewe mwenyewe moyo wako ulikuwa umegawanyika. Ulitaka mtoto wa pili. Mimba iliyotoka Februari kule kwenye hema ilikuuma kuliko nyumba, na daktari alipotaja kizazi ulisikia kwamba hata hicho kidogo ulichobakiza kinachukuliwa. Murunga naye hakuwa anakuchukia. Alikuwa amemwona dada wa jirani yake akifukuzwa kwa mumewe baada ya upasuaji kama huo. Lakini siku ile hukumsikiliza Murunga wala mtu mwingine. Ulimgeukia mumeo.

"Baba Sharon, wewe unasemaje?"

Kabiru anajua alichotaka kusema. Alitaka kusema kitolewe, uishi, watoto basi. Lakini aliona kwamba akianza kuzungumza juu ya ugonjwa huo, ya Januari nayo yatatoka. Aliinama. "Uamuzi ni wako," alisema.

Ulingoja aongeze neno. Sharon anakumbuka ulivyokuwa unamtazama, muda mrefu, mpaka Murunga akaanza kukohoa.

"Basi tungoje kidogo," ulisema.

Tuliita hiyo kuheshimu uamuzi wako. Hakuna aliyesema kwamba mwanamke anayemuuliza mumewe swali kama lile anaomba ashikwe mkono.

Ulikunywa dawa ya Timboroa mwaka mzima na zaidi, ukikunja uso kila asubuhi. Uliporudi kwa daktari, mwishoni mwa 2009, ugonjwa ulikuwa umeshika nyonga na upasuaji haukufaa tena. Kilichobaki ni mionzi, na mionzi ilikuwa Nairobi, na Nairobi kulikuwa na foleni ya miezi. Jina lako lilifikiwa. Walitupigia simu wakasema uje Jumatatu ukiwa na barua ya daktari. Tulikuwa tumekuzika siku tisa kabla.

Ya bahasha sisi wengine hatukuyajua hadi Desemba iliyopita. Jemutai alisikia habari zako akaja kutupa pole. Sharon alipomsindikiza, yule nesi alisimama njiani.

"Nimekuwa nikijiuliza," alisema. "Ile barua niliyompa baba yako, mama yako aliisoma?"

"Barua gani, Sista?"

Sharon alirudi nyumbani akamkuta baba yake anapanga nguo zako za kugawa.

"Baba, ulimficha mama majibu yake?"

Kabiru hakukana. "Nilimficha."

"Kwa nini?"

"Mwanzo niliogopa. Baadaye niliona haya."

"Na yeye alijua?"

"Alikufa hajui."

"Kwa hiyo siku ya kile kikao, alipokuuliza..." Sharon alichukua nguo zake mwenyewe akaenda kupanga chumba Kesses, karibu na chuo anakosoma. Wamezungumza mara mbili tangu siku hiyo, na mara zote mbili ilikuwa kuhusu tangazo hili.

Wale wanawake watano ulioenda nao wako hai. Wawili walikuwa na chembe kama zako. Jemutai aliwatafuta na wao, mmoja mpaka Nakuru alikokimbilia, wakatibiwa ndani ya nusu saa wakarudi kupika. Walikuja nyumbani Jumapili iliyopita. Yule aliyekuwa amesema siumwi popote alilia mpaka tukamkalisha chini. Alisema wewe ndiye uliyemtoa nyumbani kwa kumvuta mkono. Kabiru aliwaandalia chai, na alipowaambia alichofanya, wanne waliondoka bila kuimaliza.

Anakuambia na wewe leo, hapa, watu wote wakisoma, kwa sababu miaka miwili alilala kando yako akiwa na nafasi ya kukuambia peke yako, na hakukuambia. Hajaandika neno la kuomba msamaha. Anasema wa kumwomba hayupo, na hataki kuupokea kwa mtu mwingine.

Wanaokukumbuka ni mumeo Kabiru. Binti yako Sharon, aliyekubali jina lake likae kando ya la baba yake kwa siku ya leo tu. Sista Jemutai wa Kesses. Na wanawake watano wa Munyaka. Kaka yako Murunga ametuma ujumbe kwamba asitajwe. Tumemtaja.

Hutasahaulika, Selpha, maadamu mmoja wetu yuko hai. Na tulichokufanyia hatutajiruhusu kukisahau.