Lipu Niliyoipiga Juu ya Matofali Yako

Na habari ya nyumba, mama, nilikuwa naiacha mwisho kila nikikuongelesha moyoni. Nilianza na Baraka, mume wangu. Anavyonichekesha asubuhi kabla sijanawa uso, anavyonimenyea hata zabibu. Ungempenda, mama. Nina raha mpaka naogopa.

Dada yake anaishi Ujerumani, kwenye mji wa kale uitwao Potsdam, na zawadi yake ya harusi ilikuwa tiketi zetu. Siku moja wifi akatupeleka mtaa wanaouita wa Waholanzi. Alisema mfalme wa zamani aliwataka mafundi wa Uholanzi, akawajengea nyumba kama za kwao ili wasijione wageni. Waliokuja walikuwa wachache, ila nyumba zipo mpaka leo. Mama, ni matofali mekundu matupu. Hayana lipu. Kati ya tofali na tofali kuna mstari mweupe, na kuta za mbele zimepanda juu kwa mikunjo kama shingo ya gauni langu la harusi. Watu wanakunywa kahawa nje huku wanazitazama.

Baraka akanikumbatia. "Mke wangu, na sisi tutajenga hivi." Nikaanza kulia. Akadhani ni furaha.

Wewe unajua. Nyumba yetu ya Kizota uliijenga baada ya baba kufariki, matofali ukayafyatua na kuyachoma mwenyewe pale uani, macho mekundu kwa moshi. Mama Rehema wa jirani akikutania, "Shoga, nyumba yako iko uchi," unamjibu, "Uchi wa mtoto haumtii mama aibu." Lipu hukuitaka. Ulitaka kila apitaye aone kazi ya mikono yako.

Ulipoondoka, posa ikaja. Mama mdogo akasema wakwe hawapokelewi kwenye nyumba ambayo haijaisha. Hakunilazimisha, mama. Nilikubali haraka. Nikaita fundi, ukuta wa mbele ukapigwa lipu na rangi ya maziwa. Wageni wakausifu, nami nikatabasamu.

Pale pale mtaa wa Waholanzi nikamweleza Baraka yote. Akasema, "Kumbe nyumba ya mama mkwe sijawahi kuiona."

Tangu turudi kwetu Area D, mimi na Baraka tunakoishi, sijakanyaga Kizota. Nitautazamaje ule ukuta? Fundi anasema lipu ikibanduliwa itachuna nyuso za matofali. Basi zichunike. Baraka ameshaazima patasi na nyundo. Nimemwambia tuanzie chini ya dirisha, kwenye lile tofali lililokanyagwa na kuku likiwa bichi, ukakataa kulitupa. Amecheka sana, mama. Anataka kuziona hizo nyayo.

Pumzika, mama yangu. Kabla mwezi huu haujaisha tutakuja kaburini kwako, mimi na mkweo, na vumbi la nyumba yako mikononi, akupe shikamoo yake ya kwanza.